Kila Akilia, Kizibo Kimoja

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo sitaandika maneno makubwa. Naandika kwa sababu wako akina mama wengi hapa Riruta wenye chupa kama yangu juu ya kabati, na wenye watoto walio na macho.

Hakuna mtu aliyenifundisha. Joash alikuwa na miezi saba nilipoanza kumwacha kwa Waceke, yule mama anayelea watoto kwenye ploti yetu. Asubuhi moja nilirudi kuchukua leso niliyosahau, nikakuta watoto sita wamelala kwenye godoro moja, wamepangwa kama mikate. Kimya. Saa nne ya asubuhi. Dirishani kulikuwa na chupa ya kahawia, dawa ya mafua, na kizibo chake kilikuwa kimelowa. Waceke alikuwa anakunja nguo. Sikumuuliza kitu, naye hakuniambia kitu. Nikaenda zangu Kileleshwa kufua na kupiga pasi kwa Mama Debra.

Jioni hiyo nilinunua chupa yangu.

Joash alikuwa mtoto wa kulia. Haron, baba ya watoto wangu, alikuwa anafanya kazi ya mjengo huko Mountain View, na alikuwa anatoka nyumbani kabla jua halijatokea. Chumba ni kimoja. Mtoto akilia, wote tunalia. Nikaanza na nusu kizibo. Baada ya wiki moja nusu haikufanya kitu, nikajaza. Nilikuwa na njia yangu: namweka Joash kwa goti la kushoto, namwambia, "Kunywa, mzee wangu," nampangusa mdomo na pembe ya leso, nampigapiga mgongoni mara mbili. Alikuwa analala kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Msichana wangu Valarie alikuwa darasa la kwanza. Alikuwa anakaa kwa kile kistuli karibu na jiko, anaangalia.

Siku moja nilimkuta amempakata mdoli wake wa matambara kwa goti la kushoto. Alikuwa na kizibo cha soda, ndani maji. "Kunywa, mzee wangu." Akampangusa na pembe ya sketi. Akampigapiga mara mbili. Nilicheka mpaka nikamwita Waceke aje aone.

"Huyu ni wewe kabisa, Mama Vale," Waceke alisema. "Hata hiyo shingo ameiinamisha kama yako."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Nataka mjue hilo pia.

Agosti shule zilifungwa. Ijumaa moja Waceke alienda matangani Murang'a, na Mama Debra alikuwa na wageni, hakutaka kusikia habari ya kukosa. Nikamwambia Valarie, "Utakaa na mtoto mpaka saa nane. Uji uko kwa thamosi. Usiwashe jiko, usifungulie mtu."

"Na akilia?"

"Mbembeleze."

Yeye alijua vile mimi humbembeleza.

Nilirudi saa nane na nusu. Valarie alikuwa mlangoni anaruka kamba. "Amelala," aliniambia. "Hajanisumbua."

Nilimpa mandazi mawili niliyotoka nayo kazini. Nikawasha jiko, nikapika chai, nikakaa chini. Ilikuwa miezi mingi tangu ninywe chai mpaka ikaisha ikiwa bado moto. Nilikunywa kikombe cha kwanza, nikajimiminia cha pili. Mtoto alikuwa amelala kitandani hatua tatu kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nasema moyoni, asante Mungu.

Ni maziwa yangu ya kifuani yaliyoniambia. Yalikuwa yamejaa mpaka blauzi ikalowa, na hakuna aliyekuja kuyatafuta. Nikamwinua Joash. Shingo ilienda nyuma. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nilipomfinya mguu, hakuuvuta.

"Vale, umempea nini?"

"Dawa. Alilia, nikampea kizibo. Akalia tena, nikampea."

"Mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. Vilikuwa vinne.

Sikupiga nduru. Watu huuliza kama nilipiga. Nilivaa viatu, nikafunga kamba. Mbugua, yule anayetuuzia maziwa, alikuwa anashusha mitungi pale nje, akatupakia kwa pikapu, mimi, mtoto, na Valarie. Nakumbuka mitungi ikigongana nyuma. Nakumbuka nilikuwa nahesabu pumzi za Joash, na kati ya moja na nyingine nilikuwa naweza kusoma bango zima la duka.

Hospitalini walimchukua kutoka mikononi mwangu. Walimwekea mpira puani, wengine wakatafuta mshipa. Haron alifika na buti zenye saruji, ameitwa kwa simu ya msimamizi wake. Akasimama nyuma yangu. Ndipo daktari akaja, mwanamke wa umri wangu.

"Mama, hii dawa alipewaje?"

"Huyu dada yake alipata chupa, akampea. Hajui."

"Ni mara ya kwanza anaipata?"

Nilipangusa mikono kwa sketi, mbele na nyuma. Nilihisi macho ya Haron kwa kisogo. Nikasema, "Ni mara ya kwanza, daktari."

Daktari aliinama kwa Valarie. "Mrembo, usiniogope. Mama hupea mtoto hii dawa nyumbani?"

Valarie aliniangalia. Aliangalia uso wangu, kisha mikono yangu. Halafu akapangusa yake kwa sketi, mbele na nyuma, akasema kwa sauti yangu, "Ni mara ya kwanza, daktari."

Alikuwa na miaka sita. Hakukosea hata neno.

"Nauliza kwa sababu," daktari aliniambia, "kama ni ya leo tu, namtibu kwa njia moja. Kama imekaa mwilini wiki nyingi, kuna vitu lazima nivipime sasa hivi."

Nilisema. Nilisema mbele ya Haron na mbele ya Valarie. "Ni mwezi wa pili sasa nampea. Kila jioni. Kizibo kizima. Huyu ameniona mimi."

Daktari alikuwa ameshageuka, anaita mwenzake. Haron hakunigusa wala hakunitukana. Alikaa kwenye benchi, akafungua kamba za buti, akazifunga tena. Mpaka leo hajaniuliza kitu kuhusu siku ile, na mimi sijamwambia zaidi.

Joash alilala Ijumaa na Jumamosi. Jumapili, baada ya watu wa kanisa kupita wodini wakiimba, alikunja uso. Kisha akalia. Ilikuwa sauti ndogo, ya kukwaruza. Muuguzi alisema, "Haya, mama, mchukue." Nilimchukua, na sikuhisi kitu chochote, kama mtu aliyebeba kifurushi cha jirani. Watu walisema nitahisi baadaye. Sasa anatembea, lakini alichelewa, na daktari anasema tungoje tuone.

Chupa niliitupa chooni. Waceke bado anayo yake dirishani. Nilimwambia yote, akasema, "Pole, Mama Vale," akaendelea kukunja nguo.

Joash bado ni mtoto wa kulia. Akianza, Valarie huacha anachofanya, hata kama ni hesabu za shule, anavuta kile kistuli, anakaa. Haangalii mtoto. Anaangalia mikono yangu, aone nitafanya nini. Kwa hivyo namweka Joash begani na kutembea naye, kutoka mlangoni mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka mlangoni, hata kama ni saa nzima, na mikono naiweka mahali anapoweza kuiona.