Siku Wajomba Walipoitwa

Siku walipomzika Shija kule Buhongwa, mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa sita, kana kwamba nayo ilikuwa inampisha. Padri alimaliza sala. Alexander, mdogo wake marehemu mume wa Shija, akatoa karatasi mfukoni na kuanza kuita watu watupe udongo. Aliita watoto, Selina, binti mkubwa, akasogea na wadogo zake wawili. Aliita mashemeji na wakwe, aliita jumuiya, aliita majirani. Kisha, kwa mazoea tu, maana ndivyo karatasi za misiba zinavyokwenda, akaita:

"Wajomba! Upande wa wajomba, karibuni."

Hakuna aliyesogea. Alexander akainua macho, akaita tena, safari hii kwa sauti ndogo. Nyuma ya Selina mwanamke mmoja akanong'ona, "Kwani huyu mama alishuka na mvua?" Mwenzake akacheka, akakiziba kicheko chake kwa khanga. Mwishowe wanawake wawili waliokuwa wakiuza mitumba pamoja na Selina wakaona huruma, wakasogea kaburini, wakatupa udongo mahali pa wajomba.

Hiyo ilikuwa Machi mwaka 1995. Mama alikuwa ameondoka, lakini kilichomkosesha Selina usingizi hakikuwa kuondoka kwake peke yake. Mahali fulani, alijiambia, yuko mtu ambaye Shija ni dada yake, na mtu huyo hajaambiwa. Mwanamke akifa, taarifa hupelekwa kwao kabla hata turubai halijafungwa. Ya mama yake ilikuwa imekaa mkononi mwa Selina kama barua isiyo na anwani.

Kwa nini hakumuuliza mwenyewe? Aliwahi kumuuliza, akiwa darasa la tano. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alisimamisha ungo, akatazama mbali, akasema, "Nilifika hapa nikiwa mdogo, mwanangu. Masista wakanilea. Cha kabla ya hapo hakikai kichwani." Halafu akaendelea kupepeta. Selina hakurudia tena, na sasa alilijutia lile swali la pili ambalo hakuliuliza.

Msalaba wa saruji ungewekwa baada ya mwaka mmoja. Akajiwekea mwaka huo.

Nauli za kuzunguka hakuwa nazo. Ofisi ya pamba alikokuwa karani ilikuwa imepunguza watu, naye alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Tangu hapo aliishi kwa mitumba aliyoitandika kwenye gulio. Basi akaanza na kisichouzwa. Alichukua daftari la mwanawe lililobaki kurasa kumi na tisa, akaandika juu: Mama. Chini yake akaandika yote aliyokuwa anayajua. Yalijaa mistari minne.

"Unahangaika bure," Alexander alimwambia walipokaa kibarazani. "Mama yako alikuwa Shija. Shija ni nani? Ni aliyezaliwa akiwafuata mapacha, akina Kulwa na Doto. Hilo ni jina letu. Huyo ni Msukuma kama mimi. Nenda vijijini, uliza nyumba ya mapacha iliyopoteza Shija. Ngozi ya ng'ombe haipotei zizini."

"Baba mdogo, hiyo methali umeitunga sasa hivi."

"Nimeitunga, lakini ni kweli."

Selina akamwamini. Kila Jumapili baada ya misa aliacha mitumba, akatembea. Alikwenda Usagara, akafika Misungwi kwa lifti ya lori la pamba, akaenda Magu kwa baiskeli ya kuazima. Alipofungua daftari watu walibadilika nyuso. Pale Misungwi mzee mmoja aliyeitwa Ngosha alimwuliza kama ametumwa na wale wanunuzi wapya wa pamba, waliokuja na mizani zao baada ya biashara kufunguliwa. Alipoeleza kwamba anatafuta tu ukoo wa mama yake, mzee alicheka hadi akakohoa.

"Shija? Mama, hapa tuna Shija wanne, na wa tano anazaliwa mwezi ujao. Unamtaka yupi?"

"Aliyepotea, babu. Zamani. Mtoto wa kike."

"Kwetu Shija hapotei. Mtoto wa nyuma ya mapacha anatambikiwa, anajulikana na kijiji kizima. Angepotea mmoja, mpaka leo tungekuwa tunamwimba."

Nyumba baada ya nyumba jibu lilikuwa hilo hilo. Mwezi wa Julai daftari lilikuwa na kurasa kumi na moja za watu wasio wake. Aliwasoma jioni, akawaonea wivu. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kusema, huyo ni wetu.

Hapo ndipo alipokwenda parokiani, akiwa amekwisha kata tamaa, kuomba tu misa ya marehemu. Katekista Nkwabi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliliona daftari akamwuliza ni la nini. Selina akamsimulia.

"Dada yangu," Nkwabi alisema, "umeingia kwa mlango wa uani. Umeanza na jina, na jina tunapewa na watu. Ungeanza na aliyelitoa. Mama alibatizwa hapa?"

"Hapa hapa. Nadhani."

"Basi kaa. Kusoma kitabu hatutozi. Ila usilambe kidole ukifungua, karatasi ni nzee kuliko baba yangu."

Walimtafuta tangu saa nne hadi saa nane. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mwishowe Nkwabi akaweka kidole: Dorotea Shija, wa kike, miaka saba hivi, mwaka 1945. Baba, hajulikani. Mama, hajulikani. Msimamizi wa ubatizo, Kija binti Masalu, mpishi wa zahanati.

Selina alikwisha lisoma neno "hajulikani" mara mbili kabla ya kufika kwa msimamizi. Nkwabi alikuwa tayari amevua miwani.

"Kija yuko hai. Anakaa kwa mjukuu wake Butimba, karibu na chuo cha ualimu. Nenda leo, usingoje kesho. Kitabu kitakusubiri, mzee hasubiri."

Bibi Kija alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua choroko kwa kupapasa. Selina akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe? Sauti yako naijua."

"Mimi ni mtoto wa Dorotea Shija."

Vidole vya bibi vikasimama kwenye choroko. "Basi ni sauti yake," alisema. "Yeye hajambo?"

Selina hakutegemea kwamba taarifa aliyoibeba miezi minne angeitua hapo kwanza. Alimwambia. Bibi Kija alilia bila sauti kwa muda mrefu, kisha akajifuta kwa kiganja na kuanza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa.

"Alikuja akimwongoza bibi yake kipofu. Mtoto ameshika ncha hii ya fimbo, bibi ameshika ile. Walishuka kwenye mtumbwi wa wauza samaki wakavu, walisikia zahanati ya masista inatibu macho. Lakini yule bibi alikuwa na homa. Siku ya tatu akafa, na ule mtumbwi ulikwisha ondoka. Mtoto akabaki na fimbo."

"Alisema wametoka wapi?"

"Aseme kwa lugha gani, mjukuu wangu? Kiswahili hana, Kisukuma hana. Tulimwuliza jina, akalia tu. Mimi nikamwuliza kwa mikono: mama? baba? Akanionyesha hivi." Bibi aliinua vidole viwili vilivyobanana, akavigusa tumboni. Kisha akainua kimoja peke yake, akakigusa kifuani. "Wawili kwa mimba moja, halafu mimi. Nikasema, kumbe wewe ni Shija! Akacheka. Siku ile alicheka mara ya kwanza. Jina likamshika."

"Kwa hiyo lile jina ni wewe ulimpa."

"Ni mimi. Nilimpa lililo letu, ningempa lipi?" Akarudia kuchambua choroko. "Usiku alikuwa anaita. Opiyo. Adongo. Opiyo, Adongo. Sisi jikoni tulidhani ni mbuzi wa kwao."

Selina aliandika majina yale mawili. "Na fimbo, bibi?"

"Fimbo tuliipikia uji mwaka wa mvua nyingi. Nisamehe."

Asubuhi yake Selina hakwenda gulioni. Alishuka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kwa Janet Akelo, mwanamke wa Kijaluo kutoka Rorya aliyeuza dagaa na mapanki, yale mabaki ya sangara yaliyotoka viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Janet alimnunulia mitumba mara kwa mara na hawakuwahi kuzungumza jambo zaidi ya bei.

"Leo huna magauni?" Janet aliuliza. "Au umekuja kunikopa dagaa?"

"Nimekuja kukuuliza. Opiyo na Adongo ni nini?"

"Ni nini! Ni watu. Hao ni pacha. Wa kwanza kutoka ni Opiyo, au Apiyo akiwa wa kike. Wa pili ni Odongo, au Adongo. Kila kijiji kwetu wamejaa."

"Na anayewafuata?"

Janet akajipiga kifua kwa kiganja chenye magamba ya samaki. "Unamwona hapa. Wa kiume Okelo, wa kike Akelo. Kwani una nini, mbona unalia juu ya dagaa wangu? Wana chumvi ya kutosha."

Selina akacheka na kulia pamoja. Miezi minne alikuwa amewauliza Wasukuma habari za Shija, na mama yake alikuwa Akelo.

Janet aliposikia habari yote aliacha utani. Akelo peke yake hamtambulishi mtu, alisema, wako wengi kama mawe ya Mwanza. Lakini mtoto aliyemwongoza bibi kipofu kwa fimbo hadi Mwanza wasirudi, huyo ni mmoja tu. Juma lile akawaagiza wachuuzi wenzake waliokuwa wakirudi Rorya, kila mmoja alipeleke neno hilo kanisani kwake likasomwe pamoja na matangazo ya ndoa. Hilo nalo halikutozwa kitu.

Agosti ikapita. Oktoba watu wakapiga kura, vijiji vikawa na kelele nyingine. Novemba Selina akaacha kushuka Mwaloni kuuliza, maana Janet alianza kumkwepa macho. Januari, akiwa gulioni, akamwona Janet anakuja akikimbia na khanga imemvuka bega.

"Opiyo Otuoma," alisema huku anahema. "Yuko hai. Anasema bibi yake alikuwa na shanga ya bluu mguuni."

Selina alirudi Butimba mbio kumwuliza bibi Kija kama yule kipofu alivaa chochote. "Shanga moja, kwenye kifundo," bibi alisema. "Ya bluu. Tulimzika nayo."

Opiyo Otuoma alifika Machi kwa basi la Tarime, siku moja kabla ya msalaba kuwekwa. Alikuwa mzee mrefu, koti la suti juu ya kaptula, kofia mkononi. Alikuwa na paji la uso la mama kabisa. Selina alisimama mbele yake kwenye vumbi la stendi, na neno alilokuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote duniani likatoka kwa shida.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alisema mzee. "Marahaba, okewa. Kwetu mtoto wa dada huitwa hivyo."

Jioni ile alimsimulia. Baba yao alingoja miaka saba. Alipeleka watu mpaka Musoma, mpaka Kisumu. Mwanza hawakufika, waliambiwa ule mtumbwi ulizama. Mwaka wa saba baba alichuma tunda la mti wa mwegea, lile refu kama mchi, ambalo Wajaluo huliita yago. Walilivika gauni la mtoto, wakalilia usiku mzima, wakalizika nyuma ya nyumba ya mama yao. Ndivyo azikwavyo mtu ambaye mwili wake haukupatikana, ili asitangetange.

"Adongo alikuwa anapanda maua pale," Opiyo alisema. "Mpaka naye alipokufa, mwaka juzi."

Mwaka juzi. Selina alihesabu. Mama yake alikuwa hai mwaka juzi, akipepeta mchele kibarazani Buhongwa, safari ya siku moja kwa basi.

"Nimekuletea taarifa ambayo mlikuwa nayo, mjomba."

"Hapana. Sisi tulizika tunda. Kwamba alikua, akaolewa, akazaa, hiyo hatukuwa nayo."

Kesho yake Alexander alitoa karatasi yake. Aliita watoto, aliita wakwe, aliita jumuiya. Alipofika mahali pale alisita, akamtazama Selina.

"Wajomba," akaita.

Mzee akavaa kofia, akaivua tena, akasogea peke yake. Alichota udongo kwa mikono miwili. Bibi Kija, aliyeletwa kwa baiskeli, aliuliza kwa sauti, "Nani huyo anayetembea?" Mtu akamjibu, "Ni Opiyo." Bibi akasema, "Kumbe si mbuzi," na watu wachache waliojua wakacheka huku wanajifuta macho.

Makaburi ya Akelo sasa ni mawili. La Buhongwa lina msalaba wa saruji ulioandikwa Dorotea Shija Akelo, na Selina hulipalilia kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. La Rorya halina maandishi. Analifyeka mjomba Opiyo.