Tonge la Mwisho

Ugali ulipoa mkononi mwangu, na Mama hakuniuliza neno. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na hata mtoto wa kumzaa, akija ghafla kutoka mbali, ni mgeni kwanza. Basi nikatafuna polepole. Maadamu sahani ilikuwa na kitu, nilikuwa salama.

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama juu ya zulia la ofisi moja ya Delamere Avenue, mbele ya Mzungu ambaye kazi yake ilikuwa kushauri makampuni. Niliitaka kazi hiyo. Nilitaka siku moja mwenye duka Mwafrika wa mtaa wa Kariokor naye awe na mshauri, mtu anayejua hesabu na anayejua pia majina ya watoto wake.

"Makerere ni chuo kizuri," aliniambia. "Lakini wateja wangu watauliza ulisomea wapi Uingereza. Kuna chuo huko kiko tayari kukupokea, umalizie masomo yako. Nipe jibu Jumatatu."

Nilizunguka mjini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Rafiki yangu Kilonzo, karani wa reli, alinicheka.

"Ogutu, unangoja nini? Wangeniita mimi, ningeogelea mpaka huko!"

Lakini Kilonzo ana ndugu tele. Mama alikuwa na mimi tu.

Nikapanda basi hadi Westlands, kisha nikatembea hadi Kitisuru, ambako Mama alikuwa yaya. Kila kilima niliamua kwenda. Kila bonde niliamua kubaki. Nikafika chumbani kwake, nyuma ya nyumba ya Wazungu, bila jibu lolote. Akasonga ugali.

Sasa lilibaki tonge moja. Nikaisukuma sahani. Chuoni tulikuwa tumeiga desturi ya Wazungu, kwamba muungwana huacha kidogo.

Mama akashtuka. "Unamwachia nani?"

"Nimeshiba, Mama."

"Mjomba wako Odhiambo naye alisema ameshiba. Lori la jeshi lilikuwa linapiga honi nje. Akaenda vitani Burma." Akautazama mlango, kana kwamba honi ilikuwa bado inalia. "Nilikifunika chakula alichobakiza, nikimngoja, mpaka kikaota ukungu."

Leo, miaka mingi baadaye, nina shahada, na wenyeji wengi wamenitazama mezani kwao kwa mshangao nikipangusa sahani kwa mkate mpaka ing'ae. Siwaelezi.

Siku ile nikalichukua lile tonge. Lilikuwa limekauka. Nikalisukuma kwa maji.

"Haya, baba," akasema Mama. "Umekuja na neno gani?"

Hata mimi sikulijua mpaka nilipoisikia sauti yangu.

"Wananiita Uingereza, nikasome huko. Nitaenda, Mama."

Hakulia. Aliiinua sahani, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku.

"Basi utarudi," akasema, akaenda kuiosha.