Radi Kavu Warudi Kedowa

Nelvine aliuona ufa siku ya kwanza walipoingiza vyombo vya muziki. Ulianzia chini ya dirisha ukapanda hadi kwenye boriti, mpana kiasi cha kuingiza kidole. Alimwonyesha Kipruto, naye akacheka.

"Hii nyumba ilikuwa hivi hata zamani. Wewe weka besi yako tu."

Lilikuwa ghala kuukuu la majani chai, juu ya mteremko nje ya Kedowa. Humo ndimo bendi yao ya roki, Radi Kavu, ilimorekodi albamu ya kwanza walipokuwa vijana: Kipruto akiimba na kupiga gitaa, Nelvine besi, Ogada ngoma. Albamu ile ilivuma katika kila baa kutoka Kericho hadi Sigor. Zilizofuata zilikuwa laini, za kuchezwa harusini, na watu wakawasahau. Sasa wote walikuwa na mvi, na Kipruto alitaka albamu mpya yenye mlio ule wa kwanza. Mlio ule, alisema, ulitoka kwenye kuta hizi.

Ilikuwa Aprili. Kila alasiri mvua ilipiga mabati mpaka wakashindwa kuongea, na maji mekundu yakashuka katikati ya michai. Siku moja mwenye shamba, Mzee Chepyegon, alikuja akajaribu kufunga mlango. Ulikataa.

"Juzi ilikuwa inafunga," alisema. "Hii nyumba inatembea. Mtoke."

"Asante, mzee," Kipruto akamjibu. "Chai tumekunywa."

Mzee alimtazama, akawatazama wenzake, akaondoka.

Ogada aliweka chini vijiti vyake. "Kip, wewe unasikia kweli?"

Kipruto alikaa juu ya ampu ya gitaa. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, akasema, na la kulia lilikuwa likishika tu vitu vizito, vikubwa. Daktari hakumpa matumaini. "Nataka niusikie mara moja tu. Ule mlio wetu. Halafu basi."

Nelvine alitaka kukataa. Alimwona Ogada akiokota vijiti, akaivaa besi yake.

"Umebaki wimbo mmoja," Ogada alisema. "Halafu tunatoka hapa."

Mashine ya kurekodi ilikuwa ndani ya gari la Nelvine, barabarani, waya ukipita dirishani. Kipruto aliongeza sauti hadi vumbi likadondoka kutoka darini. Walianza, na mlio ukaja. Ulikuwa mkavu, mchafu, wenye hasira, kama vile miaka yote ile haikupita. Nelvine alijikuta akicheka peke yake.

Kisha akasikia sauti nyingine, chini ya besi yake. Aliinua vidole kutoka kwenye nyuzi. Sauti ikaendelea. Ogada naye aliyashika matoazi yake kuyatuliza. Ilikuwa ikitoka ardhini.

"Tokeni!" Nelvine alipiga kelele, akakimbilia mlangoni.

Kipruto alikuwa amefumba macho, anapiga gitaa, anatabasamu. Alidhani ngurumo ile ni yao. Ogada, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi, akamkamata mshipi wa gitaa, akamsukuma nje kwa nguvu zake zote. Ukuta ukaingia na tope, na mlima wote nyuma yake.

Wachuma chai walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walimtoa Ogada akiwa hai. Mkono wake wa kulia madaktari hawakuweza kuuokoa.

Albamu ilitoka mwaka huo huo. Redioni walisema Radi Kavu wa zamani wamerudi, na wakausifu zaidi mngurumo wa gitaa unaofunga wimbo wa mwisho, ule waliourekodi siku ile.

Kipruto aliipeleka nyumbani kwa Ogada, Kabianga, akaiwasha uani. Alikuwa hasikii chochote tena, hivyo aliweka kiganja juu ya spika na kumtazama mwenzake usoni.

"Imekuwa kama ile ya kwanza?" akauliza.

Ogada aliitikia kwa kichwa. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kuisha, alinyoosha mkono wa kushoto akaizima.

"Mbona umezima?"

Ogada alikuwa ameshaingia ndani.