Mstari wa Juu

Shemeji wa fundi cherehani, fundi simu wa mlango wa pili, ndiye aliyemtengenezea kiolezo cha vipimo kwenye programu ya kuandikia ya simu yake. Akigusa mara moja tu, ukurasa wa mteja mpya hufunguka na tarehe yake, nafasi ya kifua, kiuno, urefu wa mkono. Na juu kabisa, kabla ya kifua cha mtu yeyote, hukaa mstari mmoja wa mumewe.

Mumewe alikuwa mjenzi nchi ya mbali, mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi aliandika sentensi moja kwenye ukurasa wao wa pamoja, akafuta ya jana, nayo ikatokea yenyewe juu ya vipimo. Huyo si mtu wa maneno. Neno la pili ungelitoa kwa koleo. Lakini fundi cherehani aliishi kwa hiyo sentensi moja, na hakuona aibu kulisema hilo.

Alhamisi mchana mume alipiga simu. Jengo jingine linaanza, na amekubali kubaki.

"Uliniandikia hili ndilo la mwisho," fundi alisema. "Likiisha unarudi."

"Nilisema tutaona, mke wangu."

"Tutaona! Sentensi yenyewe ninayo hapa, na tarehe yake. Subiri nikusomee."

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Siku ahadi ile ilipoandikwa alikuwa anashona koti la mwalimu mkuu, na kwa furaha akakata mikono miwili ya kushoto. Akafungua ukurasa wa mwalimu mkuu. Juu palikuwa na maneno haya: *Leo baridi kali, nimevaa sweta uliyonifumia.* Akafungua wa bibi harusi wa mwaka jana. *Leo baridi kali.* Wa muuza maziwa, wa wale mapacha, baridi kali tupu, hata miezi ya jua la kuchoma.

"Nitakupigia," akakata simu, akatoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Shemeji alitazama, akajikuna kisogo. "Hiki ni kidirisha tu, shemeji. Kinakuonyesha alichoandika leo. Akifuta kule, kinafutika kurasa zote."

"Zote?"

"Ulisema unataka kumwona kila asubuhi. Hukuniambia unataka kumweka."

Siku nyingine angemtukana kwa utani hadi wapita njia wasimame. Safari hii alirudi dukani moja kwa moja, akapiga simu.

"Nimeikosa. Lakini wewe unakumbuka ulichoandika? Niambie ukweli tu, sigombi."

Nyuma ya mume mashine ya zege ilinguruma. "Sikumbuki, mke wangu. Haki ya Mungu, sikumbuki."

Alimwamini, na hilo lilimuuma kuliko uongo. Ahadi ile sasa ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akingoja.

Alipokata simu hasira zilimpanda. Akafungua kiolezo ili akiondoe kile kidirisha, wateja wapimwe bila habari za baridi ya mtu. Kidole kikagoma. Kesho asubuhi na sentensi hii nayo itafutwa, na itakuwa kama haikuandikwa kamwe.

Akavuta karatasi ya kuchorea mitindo, akanakili kwa kalamu, polepole, asiruke hata neno: *Leo baridi kali, nimevaa sweta uliyonifumia.*