Maiti Anayepumua

Filamu ya mdogo wangu ilikuwa mbaya, na nalisema hilo mimi dada yake niliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda. Ilihusu ahera. Ahera yenyewe ilikuwa stoo ya shule, yenye madawati manne na kabati lisilo na mlango. Humo marehemu walikaa kwenye foleni wakisubiri kuitwa, na karani aliyepakwa unga wa ngano usoni alitafuta mafaili yao asiyapate. Basi. Saa nzima ya mafaili kutoonekana. Kitisho kilikuwa hicho, kwamba hata ukishakufa utaambiwa urudi kesho.

Sanda za marehemu nilizishona mimi, kwa mapazia makuukuu, maana mimi ni fundi cherehani na mdogo wangu hana hata senti ya kununulia uzi. Siku ya kupiga picha, mmoja wa waigizaji hakutokea. Baba yetu, fundi saa, alikuwa amekuja kuchungulia tu, akasema, "Kulala chali nako kunahitaji shule? Nipeni hiyo sanda." Lakini alitoa sharti. Alitaka mfuko wa kuwekea miwani, kwa sababu hakuwa mtu wa kutengana na miwani yake.

"Baba, sanda haina mfuko," nikamwambia.

"Ya kwangu itakuwa nao."

Nikaushona palepale kwa mkono, mfuko wa kifuani, na kwa kuwa sijui kufanya kazi ya ovyo, niliupiga mishono miwili. Tulicheka sana siku ile. Miezi mitatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa kibandani kwake, kibano mkononi, saa ya mtu imefunguliwa mezani.

Hapo ndipo shangazi alipolitoa neno lake. Uchuro. Alilisema mbele ya waombolezaji, bila kushusha sauti. "Mtu mzima mnamvika sanda akiwa hai, mnamlaza, mnamwambia jifanye maiti. Mlitegemea nini? Mzaha mzaha, hutumbuka usaha."

Mama hakukubali wala hakukataa, aliendelea kukunja mashati ya baba. Na tangu siku hiyo, miezi saba mizima, hakuitaja filamu hata mara moja. Mdogo wangu akiingia chumbani, yeye anatoka kwenda kuangalia chungu jikoni, hata kama jikoni hakuna chungu.

Mimi nilifanya kosa la aibu. Sanda ya uchuro niliishona kwa mikono yangu, na nilikuwa nalijua hilo kila nilipokanyaga cherehani. Basi nikatafuta wa kumtwika zigo. Nikamwambia mdogo wangu, "Ni wewe uliyemlaza pale." Mkuki kwa nguruwe. Angeweza kunijibu, "Na nani aliyemshonea?" Alinitazama tu, akainama kwenye kompyuta yake. Laiti angenitukana.

Alipoimaliza filamu alitaka kuionyesha kwa majirani kabla ya kuipeleka kwa mtu mmoja wa televisheni. Nilidhani mama hatakwenda. Akasema atakwenda, na hakuongeza neno. Mdogo wangu akanifuata kibarazani.

"Dada, mama akiinuka katikati akatoka, naifuta yote. Na kamera nauza."

"Usiwe mtoto."

"Akitoka, maana yake shangazi alisema kweli."

Na mimi nilikuwa nasubiri hukumu hiyohiyo.

Ilikuwa Jumapili mchana, kwenye saluni ya kinyozi. Vioo tulivifunika kwa khanga, dirishani tukatundika vitambaa vya wateja wangu, na shuka jeupe likawa skrini. Watu kama ishirini walibanana, waliobaki wakakalia vile viti vya kunyolea vinavyozunguka. Mama alikaa mbele. Shangazi alikaa nyuma yake, kashika mkoba mapajani, sura ya mtu aliyekuja kutoa ushahidi.

Karani alipotokea na unga wake usoni, kinyozi aliangua kicheko. Nikamkanyaga mguu. Mwalimu mstaafu, aliyetuazima ile stoo, alitambua kabati lake na akamwambia kila aliyekaa jirani. Kisha zamu ya maiti wa tatu ikafika. Baba alikuwa amelazwa juu ya madawati mawili, kafumba macho, miwani imechomoza mfukoni. Mara mvua ikaanza kunyesha ndani ya ahera, mvua ya kelele tu, bila tone, na tumbo la baba likawa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka.

"Jamani, maiti anapumua!" kinyozi akapiga kelele, na saluni nzima ikashika mbavu.

Nilimtazama mama. Hakucheka wala hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio mlangoni. Kamera ilipoondoka kwa baba, mvua ikakatika. Iliporudi kwake, mvua ikarudi. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho.

Taa zilipowashwa, kila mtu akawa hakimu.

"Ukweli usemwe," kinyozi alianza, "mimi nimecheka, na nimekuja kuogopa. Nakudai kitisho, siyo kicheko. Yule mzee, Mungu amrehemu, angebana pumzi kidogo."

"Sanda haina mfuko," akasema Mwalimu. "Hilo ni kosa. Lakini mvua nimeipenda. Mvua ile ni rehema inayomshukia mja. Ndiyo maana inanyesha kwa mzee tu."

"Rehema gani? Paa la stoo yako linavuja!"

Wakacheka tena. Muuguzi wa mtaa wetu, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake, alisubiri kelele zipungue. "Mimi imenigusa," alisema. "Wagonjwa wangu huniuliza kama huko wanakokwenda mtu hukaa peke yake. Sijui niwajibu nini. Humu angalau wamekaa pamoja, wanasogezana kwenye benchi. Mimi ningependa iwe hivyo."

Kinyozi akasogea, akampisha kwenye kiti chake.

"Mimi sijaona filamu," shangazi akasema nyuma. "Nimeona kaka yangu akizikwa kabla ya siku yake."

Mdogo wangu alikuwa kando ya kompyuta, mkono umeganda hewani, na nikajua kwamba kama mama angesimama kuchukua mtandio wake, kila kitu kingefutwa papo hapo.

Mama alisema, "Mwanangu, hiyo mvua umeiweka wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile mvua haikunyesha. Nilianika nguo."

"Haikunyesha, mama."

"Rudisha pale kwa baba yako. Uiondoe."

"Mama, tafadhali. Niliiweka kwa sababu..."

"Nimesema iondoe."

Akabonyeza hapa na pale. Taa zikazimwa, baba akarudi kwenye shuka, kafumba macho, kifua na mfuko wake. Mvua haikuwapo. Badala yake, saluni ikajaa mkoromo. Mkoromo mzito, wa kupanda ngazi, unaofika juu ukasita kidogo, halafu unashuka kwa filimbi nyembamba puani. Hakuna mtu katika nyumba yetu asiyeujua. Nimesoma mitihani yangu yote huku nimeziba masikio kwa ajili yake.

"Nilidhani anaigiza vizuri," mdogo wangu akasema. "Nikampiga picha nimefurahi. Kelele za nje zilikuwa nyingi, na kinasa sauti kilikuwa kando ya kichwa chake; sauti niliisikia baadaye, wakati wa kukata na kuunga picha, na yeye keshatutoka. Nilishindwa kuifuta, mama. Niliogopa pia uisikie. Nikaifunika."

Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akageuka kwenye kiti.

"Wifi, unamsikia kaka yako?"

Shangazi akaukaza mkoba mapajani.

"Nakuuliza, unamsikia? Nani hapa aliyejifanya maiti? Huyu amelala. Miaka thelathini na minane nimempiga kiwiko usiku kucha kwa mkoromo huu. Mnamlaza mahali penye kivuli, mnamwambia asifanye kazi, halafu mnategemea aigize? Hapo alikuwa hata hajui tena kama kuna filamu. Alikuwa usingizini, kashiba, wanawe wako pembeni yake. Uchuro uko wapi hapo?"

Shangazi alifungua mkoba, akatoa leso, akaufunga, akaufungua tena. "Tangu utotoni," alisema hatimaye. "Tulilala chumba kimoja. Marehemu mama alikuwa anatupa pamba tuzibe masikio." Akavuta kiti chake, akaja kukaa mbele, bega kwa bega na mama.

"Basi tumtafutie mvua nyingine nyororo," kinyozi alijaribu, "ili yule bwana wa televisheni..."

"Hakuna mvua," mama akasema. "Akitaka kuionyesha, aionyeshe hivyo. Hataki, basi. Mwanangu, irudie."

Akairudia. Hakuna aliyecheka safari hii, isipokuwa mama, pale filimbi ilipopita puani. Alinyoosha mkono gizani, akanishika goti.

"Huo mfuko uliushona wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umekaa sawa," akasema, na nikalia mbele za watu, mimi ambaye mtaa mzima unaniita Pilipili.

Alituambia turudie mara ya tatu. Katikati ya mara hiyo ya tatu kichwa chake kilimwangukia shangazi begani. Tangu msiba hakuwa amepata kulala mchana, na usiku tulimsikia akitembea. Mdogo wangu akanyoosha mkono kuzima, nikamzuia. Tukawaacha wakae hivyo, baba akikoroma na mama amelala, mpaka wateja wa jioni wakaanza kugonga mlango.