Mama Mzazi kwenye Fomu

Mimi ni fundi cherehani, na mtaani wanasema ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi. Jirani yangu, tunayemwita Bingwa wa Fomu, ana kibanda cha kuchapa barua na kuwajazia watu fomu za viza mkabala na duka langu. Nusu ya mtaa imesafiri kwa mkono wake. Nusu nyingine imeshindwa kusafiri kwa mkono huohuo, lakini hilo hapendi kukumbushwa.

Binti yangu anaishi ng'ambo na mumewe. Alikuwa ajifungue kwa upasuaji baada ya wiki sita, na akataka niwe kando yake. Kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda cha Bingwa, naye akaanza kuniuliza.

"Uhusiano na mwenyeji wako?"

"Swali gani hilo? Mimi mama yake!"

Akaandika: mama mzazi. Nikaona anavyoandika, na sikumsahihisha.

Sikumzaa. Dada yangu ndiye aliyemzaa, akafariki mtoto ana miezi miwili, nikamchukua. Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna anayehoji. Ila mimi nilipitiliza. Niliwafunga midomo ndugu wote, na binti mwenyewe sikumwambia hata siku moja, miaka ishirini na tisa. Alipokwenda kuchukua nakala ya cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti, siku tatu nzima nilikuwa nakata vitambaa kombo. Akarudi, hakusema kitu, nami nikajitia hamnazo.

"Halafu wakikuuliza, sema lugha yao unaielewa," Bingwa akasema huku akibana nyuma ya fomu, bila kuisoma, barua ya mwaliko ambayo binti yangu aliiandika kwa lugha yao. "Ukiomba mkalimani watakuona mshamba."

"Mshamba wewe," nikamwambia, nikatia saini.

Siku ya mahojiano nilifika ubalozini mapema mno. Kwenye ukumbi wa kungojea palikuwa na bango kwa lugha yetu, nikalisoma kwa kukosa la kufanya. Mwombaji ana haki ya kupewa mkalimani. Ana haki ya kurekebisha fomu kabla ya mahojiano. Akinyimwa viza, ana haki ya kuelezwa sababu. Na chini kabisa: aliyetia saini ndiye anayewajibika kwa yote yaliyoandikwa, hata kama amejaziwa na mtu mwingine. Nikamlaani Bingwa kimoyomoyo, kisha nikaacha. Saini ilikuwa yangu.

Kwenye dirisha namba tatu alikaa ofisa wa kike, mtaratibu. Nikaomba mkalimani. Hakuna aliyenicheka. Akaja baba mmoja mwenye sweta, akanisalimia vizuri.

"Mama, anauliza kama kuna la kurekebisha kabla hajaanza."

Niliogopa, sitaficha. Nikisema kweli itaingia kwenye faili, na binti yangu angeweza kuisikia kwa watu baki, tena akiwa na mimba kubwa. Nikinyamaza, nimesaini uongo, na wakiugundua hatojifungua nikiwa pale.

"Lipo," nikasema. "Mimi si mama mzazi. Ni mama mdogo. Nimemlea mimi. Lakini yeye hajui, jamani, nawaomba asije akaambiwa na karatasi."

Mkalimani akatafsiri. Ofisa akafunua barua ya mwaliko, akaisoma tena, akamsogezea mkalimani.

"Mama, hii barua ulisomewa?"

"Nani anisomee?"

"Basi nisikilize." Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Ninamwalika mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nina miezi miwili. Kwenye cheti mtaona jina la marehemu aliyenizaa. Ninayemwita mama ni huyu. Tafadhali msimuulize sana mambo hayo. Hajui kwamba najua."

Nililia palepale dirishani, foleni nzima ikinitazama, na sikuona haya. Ofisa akanipa kalamu. Nikakata neno mzazi kwa mkono wangu, nikaandika mdogo, nikatia saini pembeni. Mahojiano yakaendelea kama kawaida, na wiki iliyofuata viza ikatoka.

Lakini siku hiyo sikusubiri viza. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikampigia.

"Wamenisomea barua yako," nikasema.

"Umekasirika, mama?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Kila mwaka nasema, mwaka huu ataniambia." Nikamsikia akivuta pumzi. "Sina wa kumuuliza, mama. Wajomba ukiwauliza wanabadilisha mazungumzo. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilidhani namkinga na uchungu. Kumbe kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemnyima mama yake.

"Alikuwa mkorofi," nikaanza. "Hebu kaa vizuri, usije ukachoka. Ni habari ndefu."