Mita Kumi Zisizokuwepo

Bahari ya wateja wetu ina kina cha mita elfu moja na mia mbili. Ipunguze mara sitini, kwa kipimo cha modeli yetu, zinabaki ishirini. Bwawa letu la majaribio hapa Trondheim, Norwe, lina kumi tu. Hizo kumi nyingine niliambiwa nizibuni mimi: minyororo minane mifupi ya nanga, kila mmoja na springi yake, ili modeli ya jukwaa la mafuta ihadaike idhani imefungwa kwenye bahari nzima.

Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu. Wateja walikuwa wanaingia Ijumaa, saa sita mchana. Minyororo yangu ikifeli jaribio la kuvuta, Arnfinn, fundi mkuu, angefunga ya zamani aliyoibuni mwenyewe. Sanduku lake alikuwa ameshalitoa kabatini, kalitua palepale nilipoweza kuliona.

Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, akaivuta modeli kwa kamba, akasoma mzani. Nikatia nukta kwenye karatasi, nilipokuwa nimechora mstari wa hesabu zangu. Nukta ya kwanza ikaangukia chini ya mstari. Ya pili vilevile.

"Synnøve, bibie," akasema, "jukwaa lako limelegea kama suruali ya marehemu babu."

"Kila mnyororo nimeupima mara tatu!"

"Umeupimia wapi?"

"Karakana. Mezani."

"Ahaa. Kumbe siku hizi mafuta yanachimbwa mezani."

Nilitamani kumtosa bwawani na kikombe chake cha kahawa. Badala yake nikaikodolea macho kamera ya chini ya maji. Minyororo haikuning'inia nilivyoichora. Kwenye springi iliinuka, kama paka anayejinyoosha mgongo. Nikaelewa, masikio yakanichemka. Springi zote nilikuwa nimezivika mpira mwembamba zisinase. Nilijisifia sana mpira ule. Ndani yake kulikuwa na hewa.

"Nimetengeneza maboya," nikasema.

"Manane," akajibu Arnfinn, tayari anakunja mikono ya shati. "Lete ndoo. Na sabuni ya vyombo."

Tulitoboa mipira kwa sindano, tukaikamua ndani ya maji ya sabuni mpaka viputo vikakoma. Safari hii nikapima kila mnyororo ukiwa ndani ya maji. Saa tano na nusu tukavuta tena. Nukta ya kwanza ikakaa mstarini barabara. Ya pili. Ya tano. Ya mwisho Arnfinn alinipokonya kalamu akaitia mwenyewe.

Kwetu, aliyekosea ndiye anayepika vikeki vya Ijumaa, vile bapa vinavyobanwa kati ya vyuma viwili vya moto na kuliwa na jibini. Wateja walipofika walinikuta nimeshika upawa, unga puani, nafungua chuma chenye moto. Arnfinn akapita na sanduku lake mikononi, akilirudisha kabatini.

"Usijifanye umeshinda," akanitupia bila kugeuka. "Na jibini ya kahawia usiikate nyembamba kama karatasi zako!"